Kahawa ya Watu Katika Akaunti ya Thembo

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Kasese, Bwana Mhasibu alitazama viatu vyangu kabla ya kunitazama uso. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vipuri, ambamo aliwasaidia wafanyabiashara mambo ya kodi, na alitaka mtu wa kupeleka karatasi. Aliniuliza nimefika darasa la ngapi. Nikamjibu la tano, asinipimie hapo.

"Basi kaa," akasema. "Lakini mdomo huo ungetozwa kodi, ungefilisika."

Nilisoma kwa masikio, na masikio yangu ni makubwa. Baadaye akanituma Bwera nifungue chumba karibu na soko la mpakani. Sisemi kwa kujisifu, ila muulize muuza vitenge yeyote wa zamani pale nani alimtafutia namba ya mlipakodi. Niliwaambia yale ninayowaambia ninyi vijana: biashara ndogo hutozwa kwa mauzo ya mwaka mzima, siyo kwa faida, na mwenye kutunza risiti hutozwa nafuu kuliko yule wa kukisia. Kodi ya nyumba unazopangisha ina hesabu yake, usiichanganye na duka. Na mwaka wa kodi unaisha mwezi wa sita, kwa hiyo usingoje mwezi huo ndipo uinue godoro kutafuta karatasi.

Lakini kazi iliyonipa jina ni ya Thembo wa Bwesumbu. Huko mlimani watu walikuwa na desturi yao. Mtu mmoja mwaminifu alikusanya kahawa ya majirani, akaishusha mjini, akaiuza yote pamoja, na pesa yote ikaingia katika akaunti yake. Kisha alipanda nayo wakagawana, naye akapewa kidogo kwa kila gunia. Mtu huyo alikuwa Thembo. Ofisi ya kodi ilipotazama akaunti yake iliona tajiri mkubwa, ikamkadiria kodi ya tajiri. Ili ailipe, ingebidi auze shamba aliloachiwa na baba yake.

Alikuja kwangu midomo imekauka. "Kaka, ile pesa ilipita tu. Haikulala kwangu."

"Benki haioni kupita," nikamwambia. "Inaona kuingia."

Tukapeleka pingamizi, yaani kuiambia ofisi kwamba makadirio yake hatuyakubali na kwa sababu gani. Usichelewe hapo, muda ukipita umekubali. Afisa aliyetupokea aliwahi kuwa jeshini, watu wote walimwita Afande. Alinisikiliza nikimwaga hoja zangu zote, kisha akasema, "Maneno iko mingi. Nionyeshe wenye kahawa."

Nikamwalika apande siku ya kukusanya. Bwesumbu hawakuandika majina juu ya magunia. Kila nyumba ilifunga gunia lake kwa kamba ya mgomba na fundo lake, na mtoto wa huko alijua fundo la kwao kama sauti ya mama yake. Nilikuwa na hakika tumeshinda.

Afande akashika gunia la kwanza. "Hii ni ya nani?"

Mwenye gunia alisimama pale pale, anatazama mlima. Gunia la pili, hivyo hivyo. Habari ilikuwa imetutangulia njiani kwamba atakayesema kahawa ni yake ataandikwa kodi. Nikazungumza, mimi ninayeweza kulisemesha jiwe, na hakuna aliyeinua hata kidole. Thembo alikaa chini, juu ya mawe, kama mtu aliyefiwa.

Ndipo Mama Mbambu, mjane wa bonde la juu, akasogea na fimbo yake.

"Fundo hii nilifunga mimi. Watoto ya Thembo walale nje sababu ya kahawa yangu? Afande, niandike."

Afande akamuuliza anavuna kiasi gani kwa mwaka. Akamwambia. Yule mzee wa jeshi akacheka mpaka kofia ikalegea. "Mama, mapato ya namna hii haifiki hata mlango ya kodi. Kwenda zako."

Basi mikono ikamiminika. Baluku mmoja akashika hata magunia mawili, na mke wake akamwambia mbele ya watu arudishe la shemeji.

Afande akamgeukia Thembo. Pesa ya watu si mapato yako, akamweleza, lakini ile kidogo wanayokupa kwa kila gunia ni yako, na hiyo utalipa. Thembo alilipa, na shamba likabaki.

Mimi nikawapa ushauri wa mwisho: mnunuzi amtumie kila mkulima pesa yake kwenye simu yake, na Thembo apokee ujira wake tu. Wakafuata. Ningewashauri hivyo hivyo hata kesho.

Sasa nimepumzika. Chumba cha Bwera nimemwachia binti yangu, mimi nina nyumba zangu Kasese, na kodi ya kupangisha nalipa mapema. Ila ninazikumbuka zile siku za kugawana pesa ya kahawa. Watu walijaa uani kwa Thembo mpaka jua likazama, wakibishana, wakila bundu, ugali wetu wa muhogo, na samaki wa Katwe. Mwaka huu nilipanda kumsalimu Mama Mbambu, nikamuuliza kama mpango wangu bado unakwenda vizuri.

"Pesa inafika, mwanangu," akanijibu. "Watu ndio hawafiki."