Viatu vya Mwenyekiti

Barua ya tatu ya kamati ya wakaazi, ikikataza viatu nje ya milango ya fleti, ilimpandisha Mwanabaraka mori. Akamwalika mwenyekiti mwenyewe aje kunywa chai.

Bwana Jaswant, Singasinga wa Nairobi aliyezeekea huku ughaibuni, Edmonton, alifika na faili la sheria kwapani. Alipoona zulia jeupe linaanzia kizingitini, alivua viatu bila kuambiwa, akaviacha koridoni.

Alikula sambusa nne, huku akisisitiza kuwa sheria ni sheria.

Alipotoka, viatu havipo. Mtunza jengo keshavizoa, kabandika onyo mlangoni, lenye sahihi ya Jaswant.

Mwanabaraka akamletea malapa yake ya chooni, yenye maua.

"Ingia nayo mpaka ndani kwako, Mwenyekiti. Mlangoni usiyaache."