Jina Lisilosomwa Siku ya Posa

Nakumbuka, mwanangu, alasiri waliyokuja watu wa posa nyumbani kwetu Faza. Usinicheke. Na mimi niliposwa, tena huyo baba yako nilimtaka mwenyewe.

Kwetu ilikuwa ada: posa haijibiwi mpaka wageni wasomewe kitabu cha nyumba. Kilikuwa kikuukuu, kimeandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, karatasi zimeliwa na mchwa. Kilisimulia habari za mwana wa mfalme aliyetaka kumpindua ami yake. Alipatana na mtu wa ndani amfungulie lango alfajiri. Lango halikufunguliwa, akauawa pale nje pamoja na wenzake. Babu yangu alipokisoma, mtu yule wa lango alimwita fulani bin fulani, nami nikadhani ndivyo kilivyoandikwa.

Siku hiyo macho ya babu yalikuwa hayaoni tena, basi nikasoma mimi, nyuma ya pazia, wageni wameketi sebuleni. Nilipofika pale pa lango nikaliona jina kamili. Lilikuwa la ukoo wa mposaji wangu. Nikakwama hapo. Nikilisoma, posa imevunjika. Nisipolisoma, naolewa kwa wasaliti hali najua. Sikujua nishike lipi.

"Fulani, mwanangu," babu akasema taratibu kutoka upande wa pili. "Endelea."

Nikasema fulani. Posa ikakubaliwa, halua ikaliwa. Wageni walipoondoka nilimwendea babu nikilia, nikamuuliza mbona ananioza kwa watu wale.

"Wao pia wana kitabu chao," akasema. "Jina lililoko mle ni letu."

"Sasa kipi cha kweli?"

"Siyui. Na babangu hakuyua."

Nilikasirika. Mtu mzima, kitabu chake, hajui? Nilipohamia mtaa huu wa Langoni nikakisoma cha kina baba yako, na kweli, jina letu hilo hapo. Nimevisoma vyote viwili mpaka nimechoka, na kila kimoja kinasema kwa yakini. Vitabu vya nyumba nyingine nasikia havikubaki popote. Nimezeeka, na jambo hili bado linanivuruga kichwa.

Leo wewe na simu yako wataka kuupeleka ukurasa ule wa lango kwenye kundi la ukoo, ajulikane msaliti ni nani. Haya, akijulikana, utamtupa wapi? Aliyelifunga lango ni babu yako, awe wa huku au wa kule.

Vitunze vitabu, mwanangu, visiliwe vikaisha. Lakini usimpake mtu aibu ya jambo usilolijua hakika, hata kama limeandikwa kwa wino mzuri. Ukiulizwa, sema hujui. Mimi nasema hivyo tangu nikiwa mwari, na nyumba hii imesimama, nanyi mmezaliwa humu. Mola akupe mwenza mwema na kizazi chenye kupendana, na akutie utulivu hata pale usipopata jibu.