Jalada Nililolishusha Chini

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka treni Igalula nikiwa na sanduku la bati, godoro lililofungwa kamba, na machozi niliyoanza kuyafuta tangu stesheni ya Tabora. Vijana mnaosoma haya mtacheka, na mcheke. Kutoka Tabora mjini hadi Igalula si safari ya mtu mzima kuisimulia. Lakini mimi ni mtu wa nyumbani. Wanyamwezi wa zamani walikwenda pwani kwa miguu na meno ya tembo mabegani, na nyumbani kwetu wanasema babu wa babu yangu alikuwa mmoja wao. Mimi nilikwenda vituo vichache nimekaa kwenye kiti, nikahisi nimetupwa.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kozi fupi ya utunzaji wa kumbukumbu za wagonjwa. Kazi hiyo niliichagua kwa sababu ambayo sikuiweka kwenye barua ya maombi: naogopa damu. Nilidhani karatasi hazitoki damu.

Mganga Mfawidhi, yaani yule anayeongoza kituo, alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kubembeleza. Alinikuta nimesimama mlangoni naangalia ukuta ili nisiangalie wagonjwa.

"Umeajiriwa kuhesabu matofali?"

"Hapana, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sikiliza, kijana wangu. Ukikutana na kidonda, tazama uso. Uso ukikushinda, tazama jina. Jina halinuki. Ila uliandike sawasawa, maana mtu akipotea kwenye karatasi zako, mimi na dawa zangu zote hatuwezi kumtibu."

Hapo ndipo nilipofundishwa vyombo vya kazi. Rejista ni kitabu kikubwa cha kila anayeingia. Kadi anakaa nayo mgonjwa, na akiitumia kufungia ugoro tunampa nyingine. Jalada ndilo lenye historia yake yote, nalo hukaa kwetu masjala, chumba cha rafu na vumbi. Halafu kuna rufaa: barua ya kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa pale kituo kidogo kinapofika mwisho wa uwezo wake. Nilizoea kuandika rufaa za Tabora nikiwa na wivu, kwamba mgonjwa anakwenda kwetu na mimi nabaki.

Niseme mapema ninakoelekea, nisije nikawazungusha. Katika miaka yote ya kazi nililihamisha jalada moja tu kutoka mahali pake. Nilifanya hivyo ili mke wangu amwone daktari. Yule aliyeshushwa chini sijui kilichompata. Mengine nitakayoeleza ni ya kuwasaidia kuelewa jinsi ilivyowezekana.

Baada ya Igalula nilihamishiwa Nzega, penye malori na kelele, nikakaa muda mfupi tu kwa sababu nilidhoofu hadi mkubwa wangu akaniombea uhamisho mwenyewe. Nikapelekwa Urambo. Huko nilijifunza kalenda ambayo haipo ukutani, kalenda ya tumbaku.

Katibu wa Afya, ambaye ndiye bosi wa makarani, ndiye aliyenifumbua macho. Mwezi mmoja nililalamika kwamba watu nimewapa tarehe na hawaji.

"Unawapa tarehe wakati gani?" akaniuliza.

"Sasa hivi, Februari hii na Machi."

"Toka nje unuse."

Nikatoka. Upepo ulikuwa na harufu ya moshi na majani matamu.

"Mabani yanawaka," akasema. Bani ni kibanda cha kukaushia tumbaku. Likishawashwa moto haliachwi, mtu analiangalia usiku na mchana, maana likipoa au likizidi, jasho la mwaka mzima linaharibika. "Mkulima hawezi kuacha bani kwa ajili ya henia. Henia itamsubiri. Bani halisubiri."

Niliweka hilo akilini kama mtu aliyeambiwa siri ya nchi. Nililitumia vizuri kwa miaka, kisha nikalitumia vibaya mara moja.

Hatimaye nilirudishwa Tabora, kwenye hospitali ambayo jina lake siliandiki. Nikakabidhiwa dirisha la miadi ya kliniki ya upasuaji. Daktari bingwa alikuwa mmoja. Wagonjwa walitoka Urambo, Nzega, Sikonge, Kaliua, Ulyankulu, kila mtu na rufaa yake imekunjwa ndani ya kitambaa. Kliniki ilikuwa Jumatano, na daftari la miadi lilikuwa na mistari ishirini kwa kila Jumatano.

Msimamizi wa Masjala alikuwa mama mrefu aliyevaa miwani kwa uzi shingoni. Siku aliponikabidhi daftari alilishika muda kidogo kabla ya kuliachia.

"Mstari wa ishirini na moja haupo," akasema. "Watakuja na machozi, watakuja na kuku, atakuja shemeji yako. Haupo. Daktari akipita ishirini mikono inachoka, na mikono yake ikichoka, wa kesho atakatwa vibaya."

Laiti mngekaa dirishani pale mkitaja tarehe. Nilisema "rudi baada ya miezi minne" kwa watu ambao macho yao tu yaliniambia miezi minne ni mirefu. Bibi mmoja alikuwa akija kila wiki, ananiamkia "mwangaluka" kama jirani, anauliza kama siku yake imesogea. Nilikuwa namtania kwamba tarehe si gari, haisukumwi. Wiki moja hakuja, nami nikajikuta sitaki kufungua daftari.

Tulikuwa na mwanya mmoja halali, nao makarani tuliuita kuotea. Msimu wa mabani watu wa Urambo na Ulyankulu hawaji, kwa hiyo katika mistari ishirini, mitano au sita hubaki wazi. Karani mwenye akili aliwaambia watu wachache wa mjini waje wakae kwenye benchi waotee nafasi hizo. Msimamizi aliruhusu, lakini kwa onyo: "Kuotea ni kwa nafasi iliyokwisha achwa. Si kwa nafasi unayoitamani."

Sasa mke wangu, Mama Rehema. Huyu ni mwanamke anayesema tangu anapofungua macho. Alinitania kwa kila kitu: kwamba nikienda Ipuli, mtaa wa pili tu, naaga kama nakwenda Hija, kwamba nasoma majina ya watu kutwa na ya mashemeji siyakumbuki. Akapata uvimbe shingoni. Mwanzoni ulikuwa kama kunde. Sauti ikaanza kukwaruza. Nyumba ikawa na utulivu na, Mungu anisamehe, wiki ya kwanza niliufurahia.

Kisha akaanza kushushia ugali kwa maji, tonge moja, bilauri moja. Nilikaa naye jikoni akimenya viazi nikiangalia ile shingo kwa pembeni, naipima kwa macho.

"Wewe si ndiye mwenye daftari?" alininong'oneza, maana sauti ilishakuwa ya kunong'ona. "Basi niandike."

Nilisema nitamwandika. Sikumwandika. Kila siku niliandika majina ya watu wenye uvimbe, na niliona kwamba nikiandika lake utakuwa ugonjwa kweli. Karani wa miadi, dirisha liko mbele yake, kalamu mkononi, akachelewesha miezi miwili kwa woga. Nilipoandika hatimaye, mstari wa karibu ulikuwa miezi minne mbele. Wenzangu walinishauri nimwombe daktari mwenyewe. Mara tatu nilimfuata koridoni, na mara zote tatu nilimuuliza kama chai imemfikia.

Siku moja Mama Rehema alipaliwa na mate yake mwenyewe. Alisimama ameshika meza, macho yamemtoka, sauti haitoki, mpaka pumzi ikarudi. Asubuhi yake nilifungua daftari nikatafuta Jumatano ya katikati ya msimu wa mabani. Mistari kumi na miwili ilikuwa ya watu wa Urambo na Ulyankulu. Nikapiga hesabu yangu ya zamani, nikawaambia watu wanne waje kuotea, na mke wangu akawa wa tano.

Kosa langu lilikuwa la mtu asiyetoka nyumbani. Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Mahindi ya uani kwangu yalikuwa yamejikunja kama sigara na niliyaona kila nilipokwenda bafuni. Lakini nilitazama kalenda. Sikujiuliza tumbaku itakaushwa ipi ikiwa imeungulia shambani.

Jumatano hiyo nilifika nikakuta koridoni watu wamelala kwenye vitenge na mifuko. Walikuja wote kumi na wawili. Wa mwisho, mstari wa ishirini, alikuwa mzee mmoja wa Ulyankulu, Mzee Bartazari, katekista wa kijijini kwake, shingo ameifunga kitambaa cheupe. Alikuja dirishani na kadi yake.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia. "Nilidhani mko kwenye mabani."

"Marahaba, karani. Mwaka huu bani limelala. Nikasema, basi angalau shingo ipate faida."

Akacheka kidogo, akashika shingo. Akaenda kuketi kwenye benchi karibu na Mama Rehema. Nikawaona wanazungumza, wawili wenye sauti za kukwaruza, wameinamiana kama watu wanaoambiana siri.

Nieleze utaratibu. Majalada hupangwa kwa mistari, la kwanza juu. Muuguzi huja, huchukua la juu, huita jina. Wa kuotea hukaa rundo la pembeni. Muuguzi alipochukua la saba, niliangalia kushoto, nikaangalia kulia. Nikalichukua jalada la mke wangu nikaliweka juu ya lile la nane. Sikuligusa jalada la Mzee Bartazari. Nilijiambia hivyo siku nyingi, kwamba sikuligusa. Lilishuka lenyewe.

Mama Rehema aliitwa. Alinitazama, akadhani nimepata nafasi ya halali, akaingia.

Saa nane, baada ya mgonjwa wa ishirini, daktari alinawa mikono akaondoka kwenda kwenye wodi. Benchi lilibaki na watu watano: wanne wa kuotea, ambao walijua wamebahatisha, na mzee aliyeandikwa.

"Baba, daktari amemaliza," nikamwambia.

"Si niliandikwa?"

"Uliandikwa."

"Basi hesabu imekosea."

"Imekosea."

Akatikisa kichwa polepole. "Kuhesabu watu ni kazi. Hata mimi kanisani nikihesabu waumini, nakosea. Usijali, karani."

Nilimpa mstari wa wiki ya sita. Ulikuwa umepatikana kwa sababu aliyeandikwa hapo alifariki. Hilo sikumwambia. Akaweka kadi kwenye mfuko wa shati, akanishukuru, akatoka nje kutafuta lori.

Jioni Msimamizi alipitia daftari kama kawaida yake, mstari kwa mstari, kidole kinashuka. Kikafika ishirini kikasimama.

"Huyu hakutiwa alama. Yuko wapi?"

"Alichelewa, mama."

"Alilala koridoni. Asubuhi nilimruka nikiingia." Akavua miwani. Aliangalia jina la mke wangu, lenye alama kwenye orodha ya kuotea, aliangalia mstari, hakuniangalia mimi. "Sitaandika chochote. Andiko lingekusaidia, jambo lingekuwa limekwisha. Utakaa nalo wewe."

Mke wangu alipasuliwa wiki iliyofuata. Daktari alisema tungechelewa kidogo tungekuwa na mazungumzo ya aina nyingine. Sauti ilirudi taratibu. Sentensi ya kwanza kamili aliyonipa ilihusu jinsi ninavyokunja shuka.

Wiki ya sita niliita "Bartazari" dirishani mara tatu. Hakuna aliyeinuka. Nikaandika herufi H, hakuhudhuria. Jumatano iliyofuata nikatazama watu wa Ulyankulu shingoni mmoja mmoja. Sikumuuliza hata mmoja wao. Ningeuliza, ningejibiwa. Hadi nilipostaafu miaka mingi baadaye, kila kitambaa cheupe kikipita dirishani nilikuwa naangusha kalamu.

Siku hizi, vijana, mna kompyuta, na tarehe inaingia kwenye simu. Mjukuu wangu ananiambia hakuna karani anayeweza kupandisha mtu. Huenda. Lakini daktari bado ni mmoja, na juzi nilipopeleka macho yangu nilipewa miezi mitatu na binti mpole asiyenitazama usoni. Nilimwelewa. Anaogopa kama nilivyoogopa.

Mwanzoni mwa wiki hii nilimwambia Mama Rehema. Sijui kwa nini siku ile. Tulikuwa tunapepeta mchele tu. Akaweka ungo chini.

"Yule mzee wa kwenye benchi, aliyenifundisha kumeza ugali kwa mlenda mwepesi?"

"Ndiye."

"Nikatangulia mimi."

"Ndiyo."

Nilingoja maneno, na kwa maisha yetu yote sijawahi kuyatamani hivyo. Alipepeta mchele hadi ukaisha, akaumwaga kwenye sufuria, kisha akasema, "Baba Rehema, kijiji chake unakijua?"

"Nakijua. Kilikuwa kwenye jalada."

"Tunakwenda Jumamosi."

Leo ni Ijumaa. Begi liko mlangoni, na mimi nimekwisha kwenda chooni mara nne. Nikikuta kaburi, nitajua la kufanya: nitavua kofia, nitasema niliyoyaandika hapa, watoto wake watanifanya watakavyo. Usingizi unanikimbia nikiwaza kwamba pengine yu hai, amekaa barazani, na atakaponiona nimesimama juani atainuka polepole, anipishe kiti chake.