Moshi Ndani ya Rojo la Embe

Embe halinishindi. Nasema hivyo bila kuona haya, kwa sababu nilikulia Makueni, na kisu cha kumenyea embe nilikishika kabla ya kalamu. Mume wangu alipohamishiwa Lodwar kwa kazi ya serikali nikamfuata, nikakuta kando ya mto Turkwel miembe ya kupandikiza inayozaa mpaka matawi yanavunjika, na nusu ya maembe yake inaliwa na mbuzi. Nilikasirika kana kwamba mali ni yangu.

Jirani yangu, mama mjane wa Kiturkana, alikuwa na miembe kumi na miwili. Yote huiva kwa pamoja, soko linafurika, na embe lisilonunuliwa Jumatatu, Alhamisi ni maji. Kaka zake walitaka kuikata wachome makaa, shamba lipandwe mtama. Akawaomba msimu mmoja tu, ajaribu kuuza rojo. Likinunuliwa, miembe ibaki. Likikataliwa, walete shoka.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilijiona ndiye mgeni huyo. Nikamfundisha: embe lioshwe, limenywe, lipondwe, lichujwe kwa kitambaa, rojo lipashwe kwa moto mdogo lisije likashika chini, limiminwe likiwa bado moto, mkebe ufungwe. Sukari marufuku, maji marufuku. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu, ila sikumwambia. Mikebe tuliazima, ile ya chuma ya kubebea maziwa, na Jumapili nikamwachia kazi moja nikaenda zangu kanisani.

"Mama, safisha mikebe. Isafishe sawasawa."

Kesho yake tulipika, tukajaza. Tulipikia kuni, kwa hiyo harufu ya moshi haikunishtua. Siku iliyofuata tukaifikisha mikebe Kakuma, kwa mama mmoja Msomali mwenye hoteli, aliyeahidi kununua rojo lote akiridhika na ladha.

Nilifungua mkebe wa kwanza mwenyewe, kwa madaha, nikaonja. Moshi! Nikafungua wa pili. Moshi ule ule, umekolea hadi kooni.

"Mama, mikebe umeifanya nini?"

Mjane alinishangaa. "Si ulisema nisafishe? Nimesafisha. Nimeweka makaa ya moto ndani, nimefunika, nimetingisha, nimepangusa. Chombo haina moshi ni chafu, hata maziwa inakataa."

Nilikuwa nimekaa Lodwar miaka minne. Maziwa ya vibuyu vilivyofukizwa nimeyanywa nyumbani kwake mara ngapi sijui, na nikayasifia. Haikunipitia akilini kwamba kwake kuosha na kusafisha ni vitu viwili. Lakini hayo niliyafikiria baadaye. Pale pale nilipandwa na hasira, nikamfokea mbele ya wateja kwamba ameniharibia kazi yangu. Ndiyo, nilisema yangu.

Mjane aliketi kwenye benchi, akafunika mkebe taratibu.

"Basi watakata," akasema.

Mwenye hoteli alimpokonya mfuniko, akachota, akaonja. Akaonja tena. Akamimina rojo kwenye gilasi, akaongeza maziwa ya ngamia, akakoroga, akanywa mpaka chini bila kupumzika.

"Abaayo, dada yangu, unagombana nini?" akaniuliza. "Hata sisi tunafukiza chombo ya maziwa. Hii ni safi. Ile sharubati ya pakiti haina harufu ya mtu." Akaita wasaidizi wake wamwagie rojo lote kwenye mapipa yake. "Nachukua yote. Na ingine mkileta, huyu mama ndiye asafishe. Si wewe."

Wateja walicheka, nami nilistahili. Niliona aibu, na chini ya aibu hiyo nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kuificha. Nilimwomba mjane radhi palepale, kwa sauti ile ile niliyomfokea nayo, ili waliosikia la kwanza walisikie na la pili.

"Ejok," akasema, yaani ni sawa. Kisha akaanza kukusanya mikebe. Nikamwambia tuiache, tutaifuata wiki ijayo.

"Hapana," akasema. "Tunaenda nayo leo. Nataka kaka zangu waone iko tupu."