Kiti cha Mashua

Wiki iliyopita nilialikwa chakula cha harusi katika hoteli moja ya Mji Mkongwe, nikakuta mapapai yamepangwa ndani ya mashua niliyokuwa nikiiosha utotoni. Niliitambua kwa kiraka cha ubavuni. Wameitandika majani ya mgomba na kuijaza matunda kuanzia omo mpaka tezi, na watu wanaipiga picha. Kwa hasira niliirudisha sahani mezani, tupu.

Hukumjua mwenye mashua ile, basi nisikilize. Alikuwa jirani yetu Jang'ombe, ukuta kwa ukuta. Alikulia Makunduchi, akipiga kafi kwenye mtumbwi wa baba yake, uso mbele kama watu wote. Chama cha makasia kilipompa mashua ya mashindano, nyembamba kama ganda la mdalasini, ilibidi ajifunze upya, maana mpiga makasia hukaa akiupa mgongo upande anakokwenda. Bibi yangu hakulielewa jambo hilo.

"We mwanangu, utakwendaje kinyumenyume?"

"Bibi, mie natizama nliowaacha."

"Na mwamba je, nao utakuacha?"

Basi kila baada ya sala ya alfajiri bibi alifuatana nasi mpaka pwani ya Kilimani. Alisimama maji yakimfika magotini, na kwa kuwa jirani alikuwa ametuelekea sisi, bibi alimpungia kanga kulia au kushoto akiona mitumbwi ya wavuvi kule anakokwenda. Akirudi, sisi watoto tuliosha chumvi kwa maji ya bomba, tukayapaka mafuta ya nazi magurudumu madogo chini ya kiti. Kiti kile kiliteleza mbele na nyuma kwa kila pigo la kasia, na mlio wake ulikuwa mwembamba, kama cherehani ya nyumba ya pili. Kisha tulikunywa uji wa pilipili manga, kwa zamu, maana vikombe havikututosha.

Akashinda mashindano ya kanda, akaenda Olimpiki. Mtaa mzima ulijazana kwa mwenye televisheni. Alimaliza katikati ya wenzake, na bibi akaapa kwamba kilichomchelewesha ni kuitafuta kanga yake. Yeye alirudi akisema ameona pale anapopotezea muda, na safari ya pili ataingia fainali. Hakuwa mtu wa majivuno. Alisema hivyo, nasi tukamwamini.

Hapo ndipo viongozi wa chama chake walipoipenda mashua. Unayajua makabati yetu ya sebuleni, na vile vyombo vya kaure ambavyo mtoto havigusi mpaka aje mgeni. Mashua ikafanywa hivyo hivyo. Waliifungia ghalani isichubuke, wakawa wanaitoa siku za sherehe tu, juu ya lori, imefungwa maua. Kila asubuhi jirani alikwenda na makasia begani akakuta kufuli.

"Mwenyekiti kasafiri," mlinzi alimwambia.

"Na ufunguo?"

"Kasafiri nao."

Alijifua kwa mtumbwi wa kuvulia, na siku ya mchujo akakaa kwenye kiti kilichokwisha kuwa kigeni kwake. Hakufuzu. Viongozi walikwenda Olimpiki wenyewe, kutizama.

Bibi hayupo tena. Pale alipokuwa akisimama, wanafunzi wakipita hawajui kama pana mtu aliyewahi kutoka hapo. Jirani anatengeneza mafriji, Jang'ombe ile ile. Jana nilikwenda dukani kwake.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Ya mashua nshaambiwa." Hakuinua kichwa. "Kiti bado kinateleza?"

Nilikuwa nimekijaribu. Niliondoa sinia la mananasi mbele za watu, nikakisukuma.

"Kimepigwa misumari, ami. Sahani zisihame."

Aliweka bisibisi chini. Miaka yote ya kufuli sikumsikia akimlaumu mtu, na hilo nalo lilikuwa likiniudhi. Sasa aliitazama mikono yake.

"Wangengoja nife kwanza," alisema, kisha akafunga duka, na adhuhuri haijaadhiniwa.