Mfua Shaba Anapoinuka

Mfua shaba wa mtaa wetu hapa Bukhara hasimami kama watu wengine. Huumuka kama unga wa mkate. Kwanza hukunja na kukunjua vidole vya miguu, hukaza zile ngumi zake zenye makovu ya moto, hugugumia chai ya maziwa yenye chumvi, ndipo ainuke kidogo kidogo, mkono kifuani, macho kayafumba. Kisukari kimeichosha mishipa yake ya fahamu, ile inayoiamuru mishipa ya damu ibane mtu anaposimama. Basi damu hubaki miguuni, naye huona giza; ile chumvi ya chai ndiyo humsaidia kuipandisha. "Subirini," hutuambia, "damu yangu bado inatafuta viatu."

Juzi, kwenye harusi ya binti yake Zulhumor, wakwe wakaingia kutoka mji wa mbali wa Termez. Kwetu kumpokea mkwe umekaa ni tusi, na niliona uso wa mkewe ukisawijika. Mzee akaanza kuumuka, taratibu, mkono kifuani. Baba wa bwana harusi akamtazama, akadhani hiyo ndiyo heshima ya Bukhara. "Chuchumaeni!" akawanong'oneza watu wake. "Tumeingia kama punda sokoni!" Ukoo mzima ukachuchumaa, ukafumba macho, ukaanza kuinuka pole pole, mikono vifuani, magoti yakilia.

Mfua shaba akafumbua macho, akawaona.

"Mama Zulhumor!" akapaza sauti. "Ongeza chumvi kwenye chai, huu ugonjwa kumbe unaambukiza!"