Nyanya Zilizosimama Bega kwa Bega

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeipa kila mbegu akili ya kujua juu ni wapi na chini ni wapi, hata ikifukiwa kichwa chini na mzee asiyejua kazi. Namshukuru kwa pumzi, kwa magoti ambayo bado yanakubali kupinda, na kwa mke aliyenivumilia katika haya ninayotaka kuyaeleza.

Nilifundisha watoto Kurani chuoni hapa Bujumbura tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Nilipoacha, kwa sababu macho yalianza kuchanganya nukta za herufi, nilikaa nyumbani kwetu Mutakura, kitini, karibu na mlango. Siku ya tatu mke wangu alichoka kunizunguka na ufagio. Nikamwomba uwanja wa nyuma ya nyumba nipande nyanya, ambazo watu wengi hapa mjini huziita tomati.

Kumbe yeye alikuwa na mpango wake juu ya uwanja ule: kufuga bata. Aliukuna mkono wake kidogo, kama afanyavyo akipiga hesabu ya moyoni.

"Nakupa mvua hii moja," alisema. "Tukila tomati zako, uwanja ni wako. Ukishindwa, bata zangu zinaingia, na we unarudi kwenye kiti."

Bata sikuwaogopa. Nilikiogopa kiti. Mtu aliyezoea kusikilizwa na watoto hamsini kwa wakati mmoja, akikaa kutwa akiutazama mlango, huanza kujihisi kama kabati. Nilitaka kitu kinachonihitaji asubuhi.

Nilizaliwa milimani, kwenye baridi, na marehemu baba yangu alipanda kila kitu mvua ya kwanza ikigonga bati. Nami nikafanya hivyo hivyo. Na kuhusu kupanga miche, sikuona haja ya kumuuliza mtu. Kama kuna kazi ninayoijua duniani, ni kupanga safu. Katika swala tunasimama bega kwa bega, visigino sawa, bila pengo, kwa kuwa pengo ni njia ya shetani. Miaka yote ile, kabla ya kila swala, nilipita nikiwasogeza watoto: wewe karibia, wewe rudi nyuma, wewe acha kumfinya mwenzako. Basi nikavuta kamba, nikapanda safu tano, na kati ya mche na mche nikaacha upana wa vidole viwili. Mche ulioinama niliunyoosha. Mmoja uliochelewa kutoa majani nilijikuta nikiukemea.

Kwa wiki chache bustani ilikuwa kama zulia jipya. Nilimwita mke wangu aje aone. Akaona, akarudi jikoni.

Kisha mvua ikanyesha ile ya kweli. Majani yakapata madoa meusi, mashina yakalainika, na matunda machache yaliyotoka yakaoza yakiwa bado kijani. Nikaongeza dua. Yakaongeza kuoza.

Jirani yetu wa upande wa kulia ni mama Mkristo aliyevuka kutoka Uvira, anayeuza mboga sokoni, na ambaye huimba nyimbo za kwaya kwa sauti inayovuka ukuta bila kubisha hodi. Asubuhi moja kichwa chake kikatokea juu ya ukuta ule.

"Papa Mwalimu, hii ni bustani ao ni mukutano?"

"Ni safu, mama. Si unaona zilivyonyooka?"

"Naona. Zimenyooka, na zinakufa."

Nikamweleza habari za mapengo na shetani. Alicheka mpaka ikabidi aushike ukuta kwa mikono miwili.

"Shetani ya mutu ni kazi yako, papa, mi sijui. Lakini shetani ya tomati ni maji yenye kulala mu majani. Iyo inaingia penye apana nafasi! Upepo ikipita, inamufukuza." Akanyoosha mkono, akaonyesha kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. "Toka kwa huyu mupaka kwa mwenzake, mukono. Na tena we umepanda ku mvua kubwa, sawa uko ku mulima. Huku chini kuko joto na kuko maji. Tomati inachemka. Panda wakati mvua inaisha, umwangilie maji mwenyewe."

Kutoka jikoni sauti ya mke wangu ikauliza, "Kwa hiyo bata zinakuja leo ao kesho?"

Niliomba nipewe kiangazi. Alikoroga chungu chake kwa muda mrefu kuliko chungu kilivyohitaji.

"Kiangazi kimoja. Kiti nakipangusa, kinakungoja."

Mvua zilipoanza kupungua, nikapanda tena kwa kipimo cha mkono. Lo, ardhi tupu ile ilivyoniuma! Kila mche ulisimama peke yake kama mtoto aliyekuja chuoni siku ya sikukuu. Nilivumilia siku nne. Siku ya tano, nikitoka swala ya alfajiri, nikachukua miche iliyobaki kwenye beseni na kuipenyeza kimya kimya, mmoja katika kila pengo.

Mke wangu hakusoma chuo muda mrefu, lakini kuhesabu anajua.

"Na huyu hapa katikati ni nani?"

"Ni mgeni."

"Mgeni amekuja na ukoo wake wote. Ng'oa."

Nikachutama, nikaushika mche, nikauachia. Nikaushika mwingine. Katika miaka yangu yote sikuwahi kumfukuza mtoto chuoni. Aliyekuwa mzito wa kuelewa nilimweka karibu na mkeka wangu. Sasa nimng'oe huyu ambaye hajakosa lolote, amesimama tu mahali nilipomsimamisha mimi mwenyewe?

"Nenda msikitini," mke wangu alisema.

Nikaenda alasiri, na Mungu anisamehe, rakaa zangu zote nne siku ile zilijaa nyanya. Niliporudi, wageni wote walikuwa wameondoka. Walikuwa ndani ya beseni, udongo ukiwa bado kwenye mizizi, tayari kupelekwa kwa jirani. Waliobaki walisimama wakipumua, kila mmoja amewekewa majani makavu miguuni ili ardhi isikauke. Mke wangu alikuwa ananawa mikono.

Nilimtazama, jambo likaniingia taratibu.

"Mama watoto, ungeniacha hivi hivi, zingeoza tena. Ungepata bata wako."

"Bata zinaweza kungoja," alisema, akikung'uta vidole. "Mi siwezi tena kuiangalia sura yako kwenye kile kiti."

Nilikwenda kumsalimia kila mche.

Jua la kiangazi likaja, jua la huku chini, lisilojua mzaha. Juu ya vijiti nikatandaza chandarua kikuukuu, na mchana nyanya zangu zikakaa chini yake kama wazazi waliojifungua juzi. Maji nilitumia ya udhu: nilikuwa na matuta matano na swala tano, nikaona Mungu mwenyewe ameshapanga zamu. Nilitawadha kwenye beseni, kisha nikamwagia tuta la swala ile. Lakini tuta la adhuhuri lilidumaa, kwa sababu maji yalikauka kabla sijamaliza kuvaa makubazi.

"Papa Mwalimu, saa sita tomati inalala!" jirani akapaza sauti. "Weka iyo maji mu ndoo, ingoje magaribi."

Nikaliomba radhi tuta la adhuhuri, na maji yake yakawa yanangoja jua lizame.

Kiangazi hakijaisha, tukala. Mke wangu alipika mukeke, samaki wa ziwa letu, kwa nyanya zetu, sahani moja ikapitishwa juu ya ukuta. Kisha mke wangu alilamba kidole, akatazama uwanja, akasema bila kunitazama, "Haya. Uwanja ni wako."

Nilimshika mkono nikampeleka mpaka pembeni, karibu na ukuta wa nyuma. Nilikuwa nimeacha nafasi pale, sikupanda kitu, na nilikuwa nimesuka uzio wa matete.

"Hapa bata wangapi?" aliuliza.

"Wawili. Na kati yao, mkono mzima."

Leo wako wanne. Hakuniuliza.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe upepo wa kupita nyumbani mwako na mvua kwa kipimo chako. Akupe jirani asiyeogopa kukucheka, na mtu wa kukung'olea kile ambacho mkono wako unashindwa kung'oa. Amina.